Fundi Friji na Wimbo wa Wanyoofu

Kilichomtoa Fundi kwa Wanyoofu, dhehebu alilozaliwa ndani yake, kilikuwa mluzi.

Alikuwa amelala chali nyuma ya friji ya mteja, vumbi limemjaa kichwani, mota imemsumbua asubuhi nzima kama mtoto mkaidi, halafu ghafla ikakubali. Ikanguruma taratibu, ikatulia. Furaha ikamtoka bila ruhusa: akapiga mluzi. Ulikuwa mfupi tu, hata wimbo haukuwa ndani yake. Bahati mbaya mwenye friji alikuwa Mnyoofu mwenzake, tena mwenye masikio makali kuliko popo, na kabla ya ibada ya jioni habari zilikuwa zimeshamfikia Mzee wa Maonyo.

Kwa Wanyoofu, kupiga mluzi ni kumwita shetani kwa jina lake la utani. Ngoma ni marufuku, kucheza ni marufuku, nguo za rangi ni marufuku isipokuwa kijivu na kahawia, na kusherehekea siku ya kuzaliwa ni kiburi, kwani ulizaliwa kwa uwezo wako? Kucheka kwenyewe kulikuwa na kipimo. Midomo ikifunguka hadi gego likaonekana, umepitiliza.

Basi Fundi akasimamishwa Ukumbini, kwenye nyumba yao ya ibada, aombe radhi. Halikuwa jambo geni kwake. Tangu utotoni alikuwa ameomba radhi kwa kukimbia, kwa kuuliza maswali, na mara moja kwa kuota ndoto kisha akaisimulia. Akafungua mdomo. Radhi haikutoka. Akasubiri, na Ukumbi mzima ukasubiri naye. Akamwangalia mama yake mstari wa mbele, akamwangalia mdogo wake wa kike pembeni ya mama, akajipekua moyoni kama mtu anayetafuta funguo mifukoni, akaona hana hata chembe ya majuto. Kusema uongo mbele ya Mungu aliogopa. Akafunga mdomo, akachukua kofia yake, akatoka.

Hakujua kwamba mlango ule mmoja ungefunga na mingine yote. Mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, hajaoa, marafiki wote Wanyoofu, wateja karibu wote Wanyoofu. Wakimkuta njiani walihama upande wa barabara. Mama yake hakuruhusiwa kula naye meza moja wala kumtaja jina. Mdogo wake alimpigia simu kwa kujificha bafuni, akinong'ona huku ameachia bomba ili asisikike, na mara nyingi Fundi aliambulia maji tu.

Akapanga chumba ghorofani kwenye mtaa asikojulikana, akaanza upya. Riziki alipata, kwa sababu friji zinaharibika bila kujali dini. Ila upweke ulimkaa vibaya. Ikafika mahali akaanza kuzungumza na friji za watu. "Haya mama, leo unaumwa wapi?" aliuliza, akiinamisha sikio. "Pole. Nani kakujaza barafu namna hii?" Na friji haikujibu, lakini angalau haikuhama barabara.

Ni friji moja iliyompeleka kwenye nyumba ya wazee. Ilikuwa kubwa, ya zamani, ya kuwekea dawa na maziwa, na Matroni aliyeisimamia nyumba ile alimpigia simu kwa sauti ya mtu ambaye nyumba yake inaungua. Fundi akaenda, akafungua, akafunga, na kabla ya chakula cha mchana friji ikawa inapumua. Matroni, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akasimama kumtazama anavyopangusa sakafu aliyoichafua.

"Hivi wewe fundi, Jumamosi huwa unafanya nini?"

Swali lilimkamata pabaya. Kwa Wanyoofu Jumamosi ilikuwa ya kusugua Ukumbi na kusikiliza maonyo mpaka miguu ife ganzi. Sasa Jumamosi ilikuwa pana mno. Aliamka, akaizunguka, akalala tena.

"Sifanyi kitu," akasema.

"Basi njoo usifanye kitu hapa. Tuna wazee wengi na mikono michache. Malipo yetu ni chai."

Akaja. Jumamosi ya kwanza alisimama ukutani, mikono nyuma, kama alivyozoea kusimama Ukumbini, akingoja mtu amwambie amekosea nini. Aliyemfuata alikuwa Kinyozi, kijana mrefu mwenye duka lake mtaa wa pili, ambaye kila wiki alikuja kuwanyoa wazee bure na kuwapaka mafuta ya kunukia hata wasiyoyataka.

"Samahani, kaka," Kinyozi akasema, "wewe ni mgeni au mlinzi? Maana kama ni mlinzi, huyu babu hapa anaiba sukari kila siku na hujamkamata."

"Nachukua, siibi," babu akasema kutoka kwenye kiti. Huyo alikuwa Sajini, aliyewahi kupiga ngoma kwenye bendi ya polisi, na mpaka sasa vidole vyake havikutulia. Alipiga meza, alipiga goti, alipiga kichwa cha jirani yake akisinzia.

Fundi akacheka. Kisha kwa mazoea akafunga mdomo haraka, akaangalia huku na huku kama gego limeonekana. Hakuna aliyemwandama. Kinyozi alikuwa ameshamkabidhi birika.

Akagawa chai. Akamwagia mzee mmoja, akaomba radhi mara nne, na mzee akamwambia radhi moja inatosha, nyingine aweke akiba kwani siku bado ndefu. Akakata kucha, akasogeza vitanda, akatia nyuzi kwenye sindano za mabibi ambao macho yao yalishastaafu. Aliporudi nyumbani jioni alijikuta anapanda ngazi mbili mbili, kisha akasimama katikati ya ngazi akijiuliza anawahi nini. Hakuwa anawahi kitu. Miguu ndiyo ilikuwa na furaha zake.

Hakuna aliyemwambia kuhusu muziki. Jumamosi iliyofuata, baada ya chai, meza zikasukumwa ukutani, Matroni akawasha redio, na chumba kile cha kulia kikageuka ukumbi wa dansi. Mabibi walikuwa wengi, mababu wachache, na nusu ya hao mababu walisingizia magoti. Fundi akaanza kujongea kuelekea jikoni kwa hatua za kinyumenyume, birika kifuani kama ngao.

"We kijana! Simama hapo hapo."

Aliyeita alikuwa Bibi Kasi. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna mtu mle ndani aliyemwahi, wala kwenye maneno wala kwenye korido, na hapo alikuwa anatembea kwa kigari cha chuma cha kushikilia. Alikuwa mdogo, mkavu, amejipaka wanja, na aliwahi kuwa mkunga. Alisema amewapokea watoto wengi kiasi kwamba haogopi mtu yeyote aliyewahi kuwa uchi.

"Shikamoo, bibi," Fundi akasema.

"Marahaba. Weka birika chini."

"Bibi, mimi sijui kucheza."

"Nani kakuuliza kama unajua? Nimesema weka birika."

"Bibi, mimi nilikulia... kwetu ilikuwa haifai."

Bibi Kasi akamtazama kuanzia kofia hadi viatu. Hapo Fundi akategemea mahojiano: dini gani, kwa nini, ulifanya nini. Bibi akasema tu, "Basi mguu wako bado mpya kabisa. Wenzako wote hapa yao imechakaa. Haya."

Akamshika. Fundi alipopiga hatua ya kwanza aliinua macho kuangalia dari, kwa sababu tangu utotoni aliambiwa kwamba mtu akicheza, dari humwangukia. Dari ilikuwa na feni moja na buibui mmoja, na wote wawili walikuwa wanaendelea na shughuli zao. Akapiga hatua ya pili. Akamkanyaga bibi.

"Yesu wangu! Samahani, bibi, samahani sana!"

"Kanyaga tu, mjukuu wangu, mguu huo sina habari nao tangu mwaka juzi. Kulia! Hapana, kulia kwako! Hujui kulia kwako?"

"Najua, bibi, ila mguu wenyewe ndio haujui!"

Kinyozi akaanguka kwenye kiti kwa kicheko, mbavu hana. Na Fundi naye akaachia. Alicheka mpaka meno yote yakaonekana, magego ya juu na ya chini, mpaka lile lililotoboka; alicheka huku anazungushwa na bibi wa umri wa bibi yake, anagonga meza, anaomba radhi kwa meza. Wimbo ulipokwisha alikuwa anahema kama aliyebeba friji hadi ghorofa ya tano. Na kabla hajapata pumzi, bibi wa pili alishapanga foleni.

Kuanzia hapo ikawa kama ugonjwa. Jumatatu anajaza gesi kwenye friji ya duka la nyama, mguu unacheza. Jumatano amepanda ngazi, kiuno kinamwondokea. Kinyozi akaanza kupita kwake jioni wakale pamoja, na alipogundua kwamba rafiki yake hajawahi kunyolewa na mtu mwingine isipokuwa Mzee wa Maonyo, alimkalisha na kumnyoa kwa heshima ya bwana harusi. Kidogo kidogo Fundi akasimulia: mluzi, Ukumbi, mama. Kinyozi hakutoa ushauri. Alisema tu, "Kaka, ulifukuzwa kwa mluzi? Mimi nafukuzwa nyumbani kwa kukoroma na bado narudi," akampa chakula zaidi.

Ikaja siku ya kuzaliwa ya Bibi Kasi. Mwenyewe alisema anatimiza tisini; Matroni alisema huo ndio mwaka wa tatu mfululizo anatimiza tisini, lakini keki ikaokwa. Bibi akavaa gauni jekundu ambalo lingeweza kusimamisha magari barabarani. Viti vikapangwa, watu wakakaa, Matroni akanyoosha mkono kwenye redio, na umeme ukakatika.

Wakatafuta betri, hakuna. Simu ya Kinyozi ilikuwa imekufa tangu asubuhi. Bibi Kasi akasimama katikati ya chumba, mikono kwenye kigari, macho yamemtoka.

"Nimevaa hivi nije kukaa kimya? Nani anaimba?"

Kinyozi akajitolea. Aliimba mstari mmoja, na mzee mmoja ambaye kwa kawaida hasikii akaomba anyamaze.

"Fundi anaimba," Kinyozi akasema ili kujiokoa. "Aliniambia. Kwao yeye ndiye alikuwa anaanzisha nyimbo ibadani."

Macho yote yakamgeukia. Ni kweli alikuwa anaanzisha nyimbo, sauti alipewa. Lakini nyimbo alizozijua zilikuwa za Ukumbini tu, zinaburutwa kama kabati sakafuni, na zote zilihusu adhabu.

"Bibi, nyimbo zangu si za sherehe. Zinatisha."

"Mwanangu, mimi nina tisini. Kitu gani kitanitisha?"

Basi akaanza. Akachagua ule aliouimba mara nyingi zaidi, ule wa Siku ya Mwisho, na akauimba kama alivyofundishwa, polepole, sauti nzito:

"Inama, inama, shingo ngumu inama..."

Wazee wakasikiliza. Sauti ilikuwa nzuri kweli, na kwa muda mfupi chumba kikawa kizito. Ila vidole vya Sajini havijui uzito. Vilianza kwenye ukingo wa sinia. Ta, ta-ta. Ta, ta-ta. Fundi akamkonyeza aache. Sajini akaelewa vingine, akachukua na kijiko. Wimbo ukasukumwa kwa nyuma. Fundi akajaribu kuushika, ukamponyoka. Sauti yake ikaanza kukimbia kuifuata ile sinia, na alipofika kwenye kiitikio hakuna aliyekuwa amekaa:

"Inama, inama, shingo ngumu inama!
Siku yaja, siku yaja, nani atasimama?"

"Mimi!" Bibi Kasi akapiga kelele.

Chumba kikalipuka. Wakaurudia. Kwenye "inama" wote waliinama, kila mtu kwa kadiri ya mgongo wake, na kwenye "nani atasimama" ndipo patashika ilipoanza, kwa sababu kuinama ni rahisi, kuinuka kwa mtu wa themanini ni mradi. Kinyozi alikuwa anakimbia huku na kule akiwainua kwa makwapa. "Mimi!" "Na mimi!" "Mimi bado kidogo, msiendelee!" Matroni miwani imemrukia mgongoni, anacheka machozi yanamtoka.

Ni katikati ya vurugu hiyo Fundi alipoangalia mlangoni akamwona mdogo wake.

Amesimama na gauni la kijivu na kitambaa cha kijivu, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili. Sauti ikamkatika Fundi. Sajini akaendelea peke yake kidogo, naye akanyamaza.

"Kaka," msichana akasema, kwa sauti ndogo.

"Mdogo wangu. Umefikaje hapa?"

"Jirani yako kanielekeza. Nimetumwa. Na wazee wa Ukumbi. Kuna ujumbe." Akaangalia gauni jekundu, sinia, na mababu wawili waliokuwa bado wameinama wakingoja msaada. "Huo... huo si wimbo namba saba?"

"Ndio huo."

"Wa Siku ya Mwisho?"

"Ndio."

Fundi alikuwa tayari kwa lolote: machozi, laana, mlango kubamizwa. Aliona midomo ya mdogo wake inatetemeka, akasogea amshike. Ndipo akagundua kwamba hatetemeki kwa kilio. Msichana alikuwa anapigana na kicheko kwa nguvu zote, mashavu yamemvimba, na alipojaribu kusema tena kikampasuka puani kwa mlio kama wa tarumbeta. Akajifunika mdomo kwa mkoba.

"Kaka, ubeti wa pili umeukosea," akasema nyuma ya mkoba. "Ni 'mali zako' halafu ndiyo 'majivuno'. Siku zote unageuza."

"Uimbe wewe basi!" akasema Bibi Kasi. "Unakaa mlangoni kama bili ya maji. Ingia, binti, tumekatishwa uhondo."

"Mimi siruhusiwi kucheza, bibi."

"Nani kasema ucheze? Nimesema uimbe. Mwendo ukija wenyewe, hiyo si kesi yako."

Msichana akamwangalia kaka yake. Akaweka mkoba juu ya friji kubwa ya dawa. Na sauti yake ya pili, ile ambayo Fundi alikuwa ameisikia pembeni yake tangu mdogo wake akiwa mtoto na hakujua ameikosa kiasi gani, ikaingia chini ya sauti yake kana kwamba haikuwahi kuondoka. Sinia ikadakia. Hakucheza. Alisimama wima kabisa, mikono mapajani, kama Mnyoofu wa kuigwa. Kisigino kimoja tu ndicho kilichokosa adabu.

Umeme uliporudi hakuna aliyejali redio. Walikata keki, na mdogo wake akala vipande vitatu, akafuta krimu kwenye kitambaa cha kichwa. Getini, Fundi akamkumbusha: "Na ule ujumbe?"

Akafikiri. "Walisema bado kuna nafasi ya kurudi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema..." Akaanza kucheka tena, akashindwa kumaliza. "Nitawaambia nimekukuta unaimba namba saba. Si uongo, au?"

"Si uongo."

"Mama atafurahi," akasema, kisha machozi yakamlenga. "Atafurahi kweli, kaka. Anakukumbuka, ila hana pa kusemea." Akamkumbatia haraka, akaondoka.

Wiki iliyofuata Fundi akashikwa na mafua makali. Jumamosi hakuweza kuinuka. Akatuma salamu kwa Matroni na kwa mdogo wake, akajifunika gubigubi, akajionea huruma. Mchana akasikia kishindo kwenye ngazi. Kishindo, kisha sauti ikitukana ngazi, kisha chuma kikigonga ukuta. Akafungua mlango.

Kinyozi alikuwa mbele, amembeba Bibi Kasi mgongoni. Bibi ameshika mabega yake na kumwelekeza kushoto na kulia kama dereva. Nyuma Sajini na kigari cha chuma, nyuma yake Matroni na sufuria ya supu, wote wanahema.

"Unaumwa bila ruhusa," akasema Bibi Kasi. "Nani atanikanyaga leo?"

Wakaingia. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja na kiti kimoja, basi wakakaa kitandani, wakakaa kwenye kisanduku cha zana, na Sajini akakaa juu ya friji ndogo mbovu ya mteja, akaanza kuipiga pembeni kwa vidole. Supu ikagawanywa kwenye kikombe, bakuli na kifuniko cha sufuria. Kabla hawajamaliza, mlango ukagongwa tena. Alikuwa mdogo wake, na chupa ya maji ya tangawizi yenye asali.

"Sikutumwa na mtu," akasema, uso mkavu. "Mama hakuniambia chochote. Alichemsha tu, akaiweka karibu na mkoba wangu, akasema kwa ukuta kwamba mtu mwenye mafua anywe ikiwa ya moto."

Fundi akaishika ile chupa kwa mikono miwili. Ilikuwa bado ya moto. Alitaka kusema kitu, lakini pua ikamwasha, akapiga chafya kubwa mpaka Kinyozi akamwaga supu, na chumba kizima kikaangua kicheko, hata mdogo wake, kichwa nyuma, meno yote nje.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Mwenye nyumba, mzee mwenye singlendi, kidole kimeshainuliwa tayari.

"Kelele gani hizi? Hapa ni nyumba ya watu! Hawa wote ni akina nani?"

Fundi akawatazama mmoja mmoja.

"Ni watu wangu, mzee."

Mwenye nyumba akaangalia chumba. Akamwona Sajini juu ya friji, akamwona Bibi Kasi amekalia mto, akamwona Matroni amesimama na kijiko. Kidole kikashuka polepole.

"Sasa mnamsimamisha mama wa watu namna hiyo?" akasema. "Ngojeni nilete viti."